Penseli Kwanza, Kompyuta Baadaye: Kuichora Sensa ya 2022

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima. Itaje namba hiyo mkutanoni, watu watatikisa vichwa, na kabla chai haijapoa watakuwa wameisahau. Igawe kwa mikoa 31 na uibandike ukutani, uone. Kila anayeingia atautafuta mkoa wake kwanza, atautazama wa jirani, kisha atauliza, "Kumbe Tabora imeipita Dodoma?" Ubishi ukishaanza, mchoro umefanya kazi yake.

Sensa inafaa kujifunzia. Jedwali lake ni dogo, wasomaji wanaijua mikoa, na ndani yake imo karibu mitego yote inayowanasa wachoraji wa takwimu: mkoa uliogawanywa katikati ya sensa mbili, miaka isiyopishana sawasawa, eneo lililojaa maji, na jiji moja linaloifunika mikoa mingine yote. Anayeiweza sensa hatashindwa na mavuno ya kahawa wala mahudhurio ya shule.

Kosa la kwanza hufanyika pale mtu anapofungua programu kabla hajajua anachouliza. Programu ina vielelezo ishirini vilivyo tayari, vyenye vivuli na rangi za kung'aa, na mtu huchagua kile kinachopendeza. Penseli haina vielelezo. Inakulazimisha ujibu: nini kinalinganishwa na nini? Jedwali lilelile la mikoa lina angalau maswali matatu tofauti, na kila moja lina umbo lake. Mkoa upi una watu wengi? Hapo zinatakiwa pau. Watu wamebanana wapi? Hapo ramani au nukta. Tumeongezeka kwa kasi gani tangu sensa za zamani? Hapo mstari unaofuata miaka. Ukitaka mchoro mmoja ujibu yote matatu, hautajibu hata moja.

Mwaka 1984 watakwimu wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walipima jinsi jicho linavyosoma michoro. Jicho hupatia zaidi linapolinganisha nafasi kwenye kipimo kimoja. Urefu unafuata, na pembe haiko mbali nao. Eneo liko chini zaidi, na kukolea kwa rangi ndiko kunakolishinda kabisa. Jaribu hilo kwa sensa. Ukichora chati duara ya mikoa 31, Dar es Salaam yenye watu 5,383,728 itapata kipande cha nyuzi 31. Tabora (3,391,679) itapata karibu nyuzi 20, na Morogoro (3,197,104) itapata kama 19. Hakuna jicho linaloitambua nyuzi moja kwenye duara. Sasa chora pau ambapo sentimita 1 ni watu 100,000: tofauti ya Tabora na Morogoro inakuwa karibu sentimita 2, na mtu ataiona kutoka upande wa pili wa chumba. Chati duara iachie vipande viwili au vitatu, kama wanawake na wanaume. Zaidi ya hapo ni mapambo.

Kwa pau za ukutani, chukua karatasi ya A1, yaani sentimita 84.1 kwa 59.4, uilaze. Kushoto acha sentimita 22 za majina, kwa sababu "Kaskazini Unguja" na "Mjini Magharibi" yanataka nafasi, na majina yaliyosimamishwa wima au kupindwa humpinda na msomaji shingo. Ndiyo maana pau za mikoa hulazwa. Kwa skeli ya sentimita 1 kwa watu 100,000, pau ya Dar es Salaam itakuwa sentimita 53.8, Mwanza 37.0, Tabora 33.9, Morogoro 32.0, Dodoma 30.9, na ya mwisho kabisa, Kusini Unguja, karibu 2. Majina na pau ndefu kuliko zote vinachukua 75.8, zinabaki kama 8 za pambizo na kuandika namba mbele ya pau. Kwa wima, kila pau iwe na upana wa sentimita 1.2 na nafasi ya 0.4. Mikoa 31 itakula 49.6, na karibu 10 zinazobaki ni za kichwa cha habari na chanzo cha takwimu.

Usizipake pau kwa maka peni. Wino hutambaa nje ya mstari, na kwa skeli hii milimita 2 ni watu 20,000. Kata vipande vya karatasi ya rangi kwa rula na wembe. Vipande vina faida nyingine kubwa: vinahamishika. Viweke bila gundi, panga kutoka mkubwa kwenda mdogo, kisha jaribu kuvipanga kwa kanda, uone mpangilio upi unajibu swali lako. Mpangilio wa alfabeti ni wa kitabu cha simu, hauonyeshi chochote. Gundi ije mwisho, baada ya mtu mwingine kupima kila kipande kwa rula yake mwenyewe.

Panapokosekana ukuta, maharage yanatosha. Chora ramani kwa chaki sakafuni, punje moja iwe watu 100,000, na nchi nzima itataka punje 617. Dar es Salaam itapata 54, Lindi 12, Kusini Unguja 2. Kwa kuwa kila mkoa umekadiriwa peke yake, jumla ya punje inaweza kupishana kidogo na 617. Usimnyang'anye mtu punje ili hesabu ilingane; sema wazi kwamba ni makadirio. Mbinu hii wanaijua vizuri wanaofanya tathmini shirikishi vijijini, na nguvu yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuinama akahesabu upya. Udhaifu wake ni kuku.

Miduara inahitaji tahadhari ya pekee, maana hapa hata magazeti makubwa hujikwaa. Dar es Salaam ina watu mara 4.5 ya Lindi (1,194,028). Mchoraji anampa Dar mduara wenye kipenyo cha sentimita 10, anagawa kwa 4.5, anampa Lindi kipenyo cha 2.2. Jicho, hata hivyo, halioni kipenyo bali eneo, na eneo la mduara wa Dar sasa ni mara 20 ya ule wa Lindi. Njia sahihi ni kugawa kwa kipeuo cha pili cha 4.5, ambacho ni 2.12, hivyo Lindi anapata kipenyo cha sentimita 4.7. Kwenye programu angalia mpangilio wa ukubwa wa alama: QGIS, programu ya kuchora ramani, kwa mfano, inakuuliza kama ukubwa ufuate kipenyo au eneo. Chagua eneo. Hata ukipatia, jicho bado huyapunja maumbo makubwa, kwa hiyo andika namba ndani ya kila mduara.

Tuje kwenye miaka. Tangu Muungano sensa zimefanyika mwaka 1967 (watu milioni 12.3), 1978 (17.5), 1988 (23.1), 2002 (34.4), 2012 (44.9) na 2022 (61.7). Tazama mapengo: miaka 11, 10, 14, 10, 10. Ukiingiza namba hizi kwenye Excel au LibreOffice Calc na kuchagua grafu ya mstari, programu huichukulia miaka kama majina tu na kuipanga kwa nafasi sawa. Matokeo yake ni uongo unaopimika. Kati ya 1988 na 2002 waliongezeka watu milioni 11.3, na kati ya 2002 na 2012 waliongezeka milioni 10.5. Nafasi zikiwa sawa, mstari wa kipindi cha kwanza utaonekana mkali zaidi, na msomaji atahitimisha kwamba ongezeko lilipungua baada ya 2002. Lakini kipindi cha kwanza kilikuwa cha miaka 14, sawa na watu kama 810,000 kwa mwaka. Cha pili kilikuwa cha miaka 10, zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Mambo ni kinyume kabisa na mchoro. Dawa ni kuchagua grafu ya nukta zenye mihimili miwili ya namba, ile inayoitwa XY, kisha kuamuru nukta ziunganishwe kwa mistari. Hapo 1988 na 2002 vitaachana kwa miaka 14 ya kweli.

Pau nazo zina mtego wake wa miaka. Ukianzisha mhimili wa wima kwenye milioni 40 badala ya sifuri, pau ya 2012 inabaki na urefu wa milioni 4.9 na ya 2022 inapata 21.7. Ya pili inaonekana mara nne na zaidi ya ya kwanza, ilhali ukweli ni mara 1.37. Pau husomwa kwa urefu, na urefu usipoanzia sifuri hauna maana. Mstari na nukta zinaweza kuanzia kwingine, mradi namba za mhimili zimeandikwa wazi. Kama swali lako ni la kasi kwa asilimia, tumia kipimo cha logi, ambacho kila hatua huzidisha badala ya kujumlisha, kwenye mhimili wa wima: ongezeko la asilimia ileile kila mwaka litatoka kama mstari ulionyooka. Kwa kasi ya asilimia 3.2 kwa mwaka, iliyotangazwa kwa kipindi cha 2012 hadi 2022, idadi huongezeka maradufu ndani ya miaka kama 22.

Sasa jedwali lenyewe, mahali ambapo kazi nyingi hufia kimyakimya. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,707,410 mwaka 2012. Mwaka 2022 ulikuwa na 2,343,754. Chora hivyo hivyo na ramani yako itatangaza kwamba Mbeya imepoteza watu zaidi ya 360,000. Haijapoteza. Mwaka 2016 Songwe ilikatwa kutoka Mbeya, na ukijumlisha mikoa hiyo miwili kwa 2022 unapata takriban milioni 3.69. Kila unapolinganisha sensa mbili, jibu kwanza swali la mipaka: ama unaijumlisha mikoa mipya irudi kwenye umbo la zamani, ama unashuka kwenye wilaya na kuijenga ya zamani upya kwa mipaka ya leo. Njia ya kwanza ni ya saa moja, ya pili ni ya wiki. Geita, Simiyu, Katavi na Njombe, iliyoanzishwa 2012, zinakusubiri ukirudi kwenye sensa ya 2002.

Kuna pia uchafu mdogo mdogo. Namba "61,741,120" ikiingia kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma, bila alama za kunukuu, koma zake zitaikata iwe safu tatu. Ondoa koma zote kabla ya kuhifadhi. Baadhi ya misimbo ya mikoa inaanza na sifuri (Dodoma ni 01, Dar es Salaam 07), na Excel huila sifuri hiyo bila kuomba ruhusa. Ifanye safu hiyo kuwa ya maandishi kabla hujabandika chochote. Majina yasitumike kuunganisha majedwali kabisa: faili moja linasema "Mjini Magharibi", jingine linaandika kwa Kiingereza, la tatu lina nafasi ya ziada mwishoni ambayo haionekani kwa macho. Unganisha kwa misimbo.

Kwa ramani, QGIS ni ya bure na inatosha. Pakua mipaka ya mikoa kutoka hifadhi ya data ya OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya uratibu wa misaada ya kibinadamu, na kabla ya lolote lingine hesabu maumbo. Yakiwa 30, huenda Songwe haimo. Ukiunganisha hivyo hivyo, watu zaidi ya milioni 1.3 watadondoka bila onyo lolote, na Mbeya itapakwa rangi ya watu wachache juu ya eneo kubwa lisilo lake. Tengeneza CSV yenye safu tatu tu: msimbo, jina, watu. Kando yake weka faili dogo la maandishi lenye jina lilelile lakini linaloishia na .csvt, ndani yake mstari mmoja: "String","String","Integer". Hilo ndilo linaloiambia QGIS kwamba 01 ni maandishi. Kwenye faili la mipaka misimbo inaweza kutanguliwa na herufi TZ, kwa hiyo iongeze kwenye jedwali lako pia. Buruta faili la mipaka na lile la CSV ndani ya QGIS, fungua sifa za tabaka la mipaka, nenda "Joins", chagua safu za misimbo pande zote mbili. Kisha fungua jedwali la tabaka na utafute neno NULL, yaani mahali pasipo na thamani. Likionekana hata mara moja, rudi nyuma.

Usipake rangi kwa idadi ya watu. Tabora ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 76,151, Dar es Salaam 1,393, tofauti ya mara 55. Ramani ya idadi ghafi humpa msomaji bahari ya rangi iliyokolea juu ya Tabora na kidoa pwani ambako watu wengi zaidi wanaishi. Paka msongamano: watu kwa kilomita ya mraba. Hesabu eneo kutoka kwenye umbo ukitumia fomula ya QGIS iitwayo $area na kugawa kwa 1,000,000, lakini hakikisha mradi umewekewa elipsoidi, yaani umbo la dunia la kukokotolea, na kipimo cha mita. Vinginevyo utapewa eneo kwa nyuzi za mraba na msongamano wa ajabu. Halafu kuna maji. Mwanza ina kilomita za mraba kama 9,467 za nchi kavu, zinazotoa watu 391 kwa kila moja, lakini mipaka yake ya kiutawala inaingia mbali ndani ya Ziwa Victoria. Umbo likijumuisha ziwa, unawagawia samaki nafasi ya watu, na msongamano unaporomoka. Kata maji kwanza, au tumia eneo la nchi kavu kutoka jedwali la Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Kisha madaraja ya rangi. Dar es Salaam ina watu karibu 3,900 kwa kilomita ya mraba, na Mjini Magharibi ni hivyo hivyo. Lindi ina 18. Ukiiambia programu igawe madaraja matano yenye upana sawa, kila moja litakuwa la watu 780, na karibu nchi nzima itaangukia daraja la chini: ramani ya rangi moja na vidoa viwili. Weka mipaka kwa mkono: 30, 60, 120, 250, 500, kila mmoja takriban mara mbili ya uliotangulia. Mbona 30 badala ya 25? Kwa sababu Katavi iko kwenye 25 hasa, na tofauti ndogo ya makisio ya eneo ingeirusha daraja moja juu au chini. Orodhesha thamani zote kwenye mstari kwanza, kisha kata pale penye pengo.

Wengine hupenda nukta. Nukta moja kwa watu 10,000 ni nukta 6,174, na inasikika vizuri mpaka upime. Tanzania ina upana wa karibu kilomita 1,200. Kwenye ramani ya sentimita 20, Dar es Salaam inabaki na eneo la milimita za mraba 39. Nukta zake 538 zenye kipenyo cha nusu milimita zinataka 105. Zitapandana ziwe doa jeusi. Hata nukta moja kwa watu 50,000 itajaza zaidi ya nusu ya nafasi. Chora Dar kando kwenye kisanduku chake chenye skeli kubwa zaidi, au achana na jiografia: mpe kila mkoa mraba mmoja wa sentimita 3, Kigoma kushoto, Tanga kulia, Mtwara kona ya chini, na upake rangi miraba. Acha safu moja tupu iwe bahari, ndipo uweke miraba mitano ya Zanzibar. Baadhi ya majirani wataachana, hilo halikwepeki, lakini Dar na Tabora watapata nafasi sawa mbele ya msomaji.

Tatizo la thamani moja kuzidi nyingine zote si geni. Mwaka 1900 mwanasosholojia Mmarekani Mweusi W. E. B. Du Bois na wenzake wa Atlanta walichora kwa mkono mabango kuhusu maisha ya Wamarekani Weusi kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, na pau moja ilipokuwa ndefu kupita karatasi waliizungusha kama mkeka uliokunjwa. Inavutia, na inafanya mtu asogee karibu. Kuipima kwa jicho ni kazi nyingine. Kwa msongamano wa mikoa ningetumia nukta kwenye kipimo cha logi: 10, 100, 1,000, 10,000. Lindi na Dar zitaonekana pamoja bila hila. Iwe nukta lakini, isiwe pau, maana kipimo cha logi hakina sifuri ya kuanzia.

Rangi zichukuliwe kwenye mfululizo mmoja unaokolea hatua kwa hatua. Mifululizo ya ColorBrewer, iliyotengenezwa na mchora ramani Cynthia Brewer, iko bure ndani ya QGIS. Epuka nyekundu dhidi ya kijani, kwa kuwa wanaume wasio wachache hawazitofautishi. Mtihani wa mwisho ni mashine ya fotokopi: chapisha ramani, itoe nakala, kisha itoe nakala ile nakala. Kwa kawaida madaraja sita ya kijivu hubaki kama manne, na kama kazi yako itasambazwa kwa fotokopi, basi chora manne tangu mwanzo. Maandishi yawe pointi 8 au zaidi. Faili litolewe kwa SVG, aina ya mchoro unaoweza kuhaririwa kipande kwa kipande, urekebishe majina yanayogongana ndani ya programu ya kuchorea ya Inkscape, hasa pale Pwani, Dar es Salaam na Zanzibar wanapogombea sentimita moja ya karatasi. Majina hayo yatoe baharini, uyaunganishe na mikoa yao kwa mstari mwembamba.